Mama Mabuu

Sokoni walimwita Mama Mabuu, na jina hilo hakupewa kwa heshima. Alikuwa mfagiaji. Kila alfajiri, kabla wachuuzi hawajatandaza magunia yao, alikuwa ameshamaliza upande wa mboga na yuko kwenye matunda, na toroli lake limejaa majani ya kabichi, nyanya zilizopondeka, maganda ya mapapai na viazi vilivyochipua. Takataka hizo zilikwenda kwenye shimo la nyuma ya soko. Zilikwenda huko miaka nenda miaka rudi bila mtu kuzitazama mara mbili, mpaka asubuhi moja alipoona kuku wawili wameacha mahindi yaliyomwagika njiani, wanapigania kitu mle shimoni.

Akaenda kuchungulia. Chini ya maganda ya mapapai kulikuwa na mabuu wanene, weupe, wanachemka kama uji kwenye sufuria. Mwingine angetema mate akaenda zake. Yeye alisimama akawatazama wale kuku, jinsi walivyokuwa wanakula bila hata kuinua shingo.

Nyumbani alikuwa na kuku kumi na wanane, na walikuwa wanamchosha roho. Dagaa wa kusaga, ambao ndio humpa kuku nguvu ya kutaga, muuzaji aliwachanganya na mchanga bila haya, na mchanga haujawahi kutaga. Kuku wake wakitaga leo, kesho wanapumzika. Siku ile alijaza mabuu kwenye kopo la rangi, akawapelekea. Walikula mpaka koo zikatuna. Wiki ya pili mayai yakaongezeka, na kiini kikawa na umanjano uliokolea hata mumewe, fundi viatu asiyejua kusifu kitu, akauliza yai limetiwa nini.

"Kula kwanza," mkewe akamwambia. "Utauliza baadaye."

Alipouliza baadaye na kujibiwa, akaomba la pili. Alisema yeye ananuka gundi, mkewe ananuka soko, basi binti yao hawezi kupotea duniani, maana hata kipofu atamrudisha nyumbani.

Huyo binti alikuwa mtoto wao wa pekee, na wakati huo alikuwa na miaka tisa.

Kufuga mabuu mama yule hakufundishwa na mtu. Pipa la kwanza lilimwaibisha: lilijaa nzi wa kawaida, likanuka mpaka majirani wakaja kwa pamoja, wameziba pua. Akalimwaga, akaanza upya. Akagundua kwamba mabuu wanene wale hawakuwa watoto wa nzi hawa wa jikoni, bali wa nzi wengine, weusi, wembamba kama nyigu, wasiotua kwenye chakula cha mtu kwa sababu wakishaota mabawa hawana tena haja ya kula. Akagundua wanapenda kutaga mayai kwenye nyufa, basi akawa anawawekea vipande vya katoni yenye mifereji. Akagundua kwamba buu akikomaa hugeuka rangi, akawa kahawia, na huanza kupanda atafute pakavu. Kwa hiyo aliegemeza ubao ndani ya pipa, wakawa wanapanda wenyewe na kudondoka kwenye ndoo, bila yeye kunyoosha mkono. Kubwa kuliko yote, aligundua habari ya jua. Nzi wale hawakujamiiana kivulini. Walisubiri jua la asubuhi, kati ya saa mbili na saa nne, wakakaa juu ya majani, wakarukiana hewani. Siku ya mawingu hakuna aliyemgusa mwenzake. Basi akatundika chandarua kuukuu juu ya mti wa mpera uliokuwa uani, akawafungia humo, jua wanalo na majani wanayo.

Ilimchukua miaka mitatu. Kila alichokigundua alimwambia binti yake, na binti, ambaye alikuwa na mwandiko mzuri, alikiandika kwenye daftari la shule: leo mama ameweka katoni, leo mabuu wametoka siku ya nne, leo mvua, nzi wamekaa tu.

Mtoto alipenda kuandika. Kubeba ndiko hakukupenda. Kila siku akitoka shule alipitia sokoni kuchukua ndoo ya takataka laini, akaibeba kichwani mpaka nyumbani, na njia ya kwenda nyumbani ilipita mbele ya geti la shule. Wenzake wakampa jina: Funza. Walimwimbia. Alipokuwa na miaka kumi na moja alimwomba mama yake amruhusu kupita njia ya nyuma, ya kwenye mfereji, ambayo ilikuwa ndefu zaidi lakini haikuwa na watu.

Mama alikataa. "Kwani umeiba?" alimwuliza. "Anayejificha ni mwizi. Pita mbele ya watu."

Akapita mbele ya watu. Siku moja ya jua kali kifuniko kiliteleza pale pale getini, na kumbe kwenye takataka za siku ile walikuwemo mabuu wengi. Wakamwagika kwenye nywele, shingoni, ndani ya kola ya shati la sare. Geti zima liliangua kicheko. Mtoto hakulia. Aliokota alichoweza, akafika nyumbani, akatua ndoo, akaosha nywele mara tatu kwa sabuni ya kufulia. Mama yake alimkuta anaziosha mara ya tatu, akaelezwa, na kwa kuwa alikuwa amechoka na jambo lenyewe lilikuwa na uchekeshaji wake, akacheka. Akasema mabuu hawamuumi mtu. Kesho yake mtoto akabeba ndoo kama kawaida, na habari ile haikuzungumzwa tena.

Kuku wakafika mia moja na ishirini. Mapipa yakafika kumi na moja. Wenye hoteli ndogo za pale mjini walichukua mayai ya Mama Mabuu kabla hayajapoa, na mayai hayo yakampeleka binti sekondari, yakamfikisha chuo, yakamvisha joho. Alisomea mifugo. Aliporudi na shahada ya pili, mtaa mzima ulianza kumwita Daktari, na mama yake alitembea na jina hilo mdomoni kama mtu mwenye pipi: Daktari amenipigia simu, Daktari hali nyama ya mafuta, Daktari amesema tuchemshe maji.

Daktari aliajiriwa kwenye ofisi kubwa ya kilimo, upande wa pili wa mji. Mwanzoni alikuja kila mwisho wa wiki. Akaja kila mwezi. Halafu kazi zikawa nyingi. Mama alimtetea mbele ya baba kabla baba hajasema kitu.

Ulipofika mwaka dagaa walipoadimika na wafugaji wakaanza kuchinja kuku wanaotaga, ghafla kila mtu mwenye cheo alianza kuzungumza habari za wadudu. Wakasema ni protini mbadala. Wakasema ndiyo mkombozi wa mfugaji. Ofisi ikafungua kituo kipya cha chakula cha kuku cha wadudu, na mkuu wa kituo akawa Daktari. Mama yake hakuambiwa. Aliisikia kwenye redio, akiwa anachambua mboga jikoni, na mumewe yuko mlangoni anashona soli. Sauti ya binti yao ilitoka laini na ya kisomi. Alieleza habari ya katoni. Alieleza ubao wa kupandia. Alisema ni matokeo ya miaka minne ya utafiti. Mtangazaji akamwuliza wazo lenyewe lilimjia wapi.

"Nilisoma kazi za watafiti wa nchi za mbali," alisema Daktari, "nikaona inawezekana hata kwetu."

Fundi viatu akanyoosha mkono, akazima redio. Akasema betri zimekwisha. Redio yenyewe ilikuwa ya umeme.

Mkewe aliendelea kuchambua mboga. Baada ya kitambo alisema kwamba redioni hawampi mtu muda, mtu hawezi kueleza kila kitu. Mumewe akakubali kwamba muda ni mfupi.

Miezi mitatu baadaye akaja bwana afya. Huyu alikuwa mteja wao wa mayai, mtu mpole mwenye tumbo kubwa na pikipiki ndogo, na siku ile hakukaribia mlango mpaka alipokaribishwa mara mbili. Alitoa barua kwenye mkoba, akaishika kama kitu cha moto. Akasema yeye ametumwa tu, na mjumbe hauawi.

Barua ilisema kwamba kuanzia sasa hairuhusiwi kufuga wadudu wa chakula cha mifugo kwenye makazi ya watu, wala kuwalisha takataka za sokoni zisizopimwa. Anayefuga ana siku kumi na nne za kuondoa kila kitu. Mama Mabuu hakuwa msomaji wa haraka. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka akafika chini kwenye sahihi. Hapo kidole kikasimama. Herufi ya mwisho ilikuwa na mkia uliopanda juu kama wa jogoo. Aliijua sahihi hiyo. Mwenyewe alimwona binti yake akiifanyia mazoezi kwa kipande cha mkaa juu ya mifuko ya pumba, mara mia, akijiandaa kuwa mtu mkubwa.

"Pengine ni mwingine tu mwenye sahihi hii," bwana afya alisema kwa sauti ndogo.

"Pengine," alimjibu. Akampa mayai yake ya wiki, akamsindikiza mpaka kwenye pikipiki.

Kesho yake alimwomba mwenzake amfagilie, akavaa gauni lake la heshima na viatu ambavyo mumewe alivipiga rangi mara mbili, akaenda ofisini. Msichana wa mapokezi alimwuliza kama ana miadi. Akasema hana. Akaulizwa aseme yeye ni nani, ili Daktari aambiwe. Alitafakari jibu, akaona uzito kulitoa mbele ya watu waliokaa kwenye foleni.

"Mwambie ni mfugaji," alisema.

Akasubiri kwenye benchi mpaka saa tano. Daktari alipofungua mlango kumwita mfugaji, uso wake ulibadilika mara mbili kwa haraka, kisha ukatulia. Alimshika mama mkono, akamwingiza ndani, akafunga mlango, akamkalisha kwenye kiti kizuri. Akauliza hali ya baba. Akaagiza chai. Mama aliitoa barua kwenye pochi, akaiweka juu ya meza katikati yao.

Daktari akaanza kueleza, na maelezo yake hayakuwa ya uongo. Alisema watu wameiga mabuu kila mahali. Wapo wanaowalisha mabaki ya machinjioni, wapo wanaookota jalala la hospitali, na kuku wa watu wamekufa. Ilibidi sheria iwepo. Na sheria ikiwepo haichagui mtu. Angemwacha mama yake, kesho wangesema Daktari anapendelea.

"Sikuja kuomba upendeleo," mama alisema. "Ungekuja nyumbani ukaniambia haya, jikoni, tukiwa wawili. Mimi ningeyamwaga mapipa kwa mkono wangu. Umenitumia bwana afya."

"Ningekuja ungekataa."

"Umejuaje?"

Binti alitazama dirishani. "Nilikuomba nipite njia ya nyuma," alisema. "Nilikuomba mara ngapi, mama? Ulinipitisha mbele ya watu. Miaka mitano. Mpaka leo nikinusa papai lililooza natapika."

Mama alikuwa amekuja na maneno yake ameyapanga tangu usiku, na yote yakamtoka kichwani. Hakujua kama mtoto alihesabu miaka. Alikumbuka nywele zile zinaoshwa kwa sabuni ya kufulia, na alikumbuka kwamba alicheka. Alitaka kusema kitu kuhusu hilo, akafungua mdomo, lakini kilichotoka ni kile kingine alichokaa nacho tangu siku ya redio.

"Na zile nchi za mbali?"

"Ningesema nini? Kwamba nimejifunza kwenye pipa la mfagiaji wa soko? Pale wote ni wanaume, mama, na wote wanasubiri niteleze."

"Ungesema mama yako."

Chai ikaletwa, ikakaa. Baada ya muda, bila kumtazama, Daktari alisema kwamba kituo chenyewe kina shida. Wameleta mayai ya nzi kwa ndege, mabuu wamekua vizuri, nzi wametoka wengi, lakini hawatagi. Wanakaa kwenye kuta za kioo wiki moja, wanakufa. Wageni waliotoa fedha wanakuja baada ya miezi miwili. Akasema mapipa yale kumi na moja yanaweza kuchukuliwa na kituo kihalali, badala ya kumwagwa, na mama anaweza kuajiriwa pale, akaacha ufagio.

Mama Mabuu alielewa sawasawa kwamba alikuwa anahitajika, na kwamba ombi limevikwa nguo ya msaada. Njiani kurudi alijiambia atakataa. Alimweleza mumewe, naye akachomoa msumari mdomoni, akasema mtoto ni wao, akinyea mkono, mkono haukatwi. Siku ya kumi na tatu gari la kituo likaja, likapakia mapipa yote, chandarua, na hata ule ubao.

Wakampa ovaroli la bluu lenye namba kifuani. Kituo kilikuwa jengo la kupendeza, sakafu ya vigae, kuta za kioo, taa kubwa nyeupe darini zinazowaka mchana kutwa. Alitembea mle ndani asubuhi nzima, mikono nyuma. Vijana watatu wenye makoti meupe walimfuata wakimweleza joto na unyevu. Mwishowe alinyoosha kidole juu.

"Toeni hilo paa."

Vijana wakatabasamu. Mmoja alimweleza kwa upole kwamba taa zile ni sawa na jua. Mama akamwuliza kama mkewe angemkubali mbele ya taa zile. Vijana walicheka, na Daktari, aliyekuwa amesimama mlangoni, akacheka pia, halafu akaamuru paa la upande mmoja litolewe, uwekwe wavu, na iletwe miti ya vyungu yenye majani mapana. Humo wakawekwa nzi wa mama, waliotoka kwenye mapipa yake.

Siku ya tisa, saa mbili na nusu asubuhi, jua likaingia kwenye wavu, na hewa ikajaa nzi wawili wawili. Siku ya kumi na moja Daktari na mama yake waliinama pamoja juu ya kipande cha katoni, vichwa vimegusana, na ndani ya mifereji mlikuwa na mayai, vishada kwa vishada, ya manjano hafifu, madogo kuliko chembe ya chumvi. Binti alimkamata mama mkono, pale juu ya kifundo, kama alivyokuwa akimkamata zamani akiona kitu kipya kwenye pipa. Walikaa vile mpaka miguu ikafa ganzi, na mama aliporudi nyumbani jioni ile alimwambia mumewe kwamba yamekwisha, yote yamekwisha, mtoto amerudi.

Wageni wakaja, watu tisa wenye suti na kamera. Mama alikuwa amefua ovaroli na kulipiga pasi. Alisimama kando ya mapipa yake, upande wa wavu, na aliwaona wanakuja taratibu, binti yake mbele anaeleza. Alieleza vizuri. Walipofika chini ya wavu, mzee mmoja kati ya wageni, mwenye miwani minene, akauliza nani aliyegundua kwamba taa hazifai na jua ndilo linalotakiwa, kwa maana hilo ndilo lililomvutia zaidi.

"Ni timu yetu," alisema Daktari. "Tulijaribu njia nyingi."

Yule mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akamwona mwanamke wa ovaroli, akamsalimia kwa adabu, akageuka kwa mwenyeji wake. "Na huyu mama?"

Daktari alimtazama mama yake, kisha akawageukia wageni.

"Mama ni mmoja wa wenyeji tuliowapa ajira," alisema Daktari. "Mama, waoneshe wageni mabuu."

Katika lugha hii kila mwanamke mwenye mvi ni mama. Muuza mchicha ni mama, mwombaji wa barabarani ni mama, mteja asiyejulikana jina dukani ni mama. Wageni hawakusikia kitu. Vijana wa makoti meupe hawakusikia kitu. Yeye peke yake alisikia, na yule aliyesema.

Alifunua pipa. Alichota mabuu viganja viwili, akawainua mbele ili waonekane. Kamera zikapiga. Mgeni mmoja alitaka kujua kama hawaumi, akajibiwa kwamba hawamuumi mtu. Aliwarudisha pipani, akafunika, akasubiri msafara upite mpaka mlango wa mwisho ukafungwa.

Daktari alimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Ovaroli lilikuwa limeshakunjwa juu ya benchi, namba juu. Binti alisema kwamba alikuwa na nia ya kusema, amekaa nayo siku nzima mdomoni, lakini pale mbele yao ilikuwa vigumu, na atasema, kwenye ripoti atasema, kuna ukurasa wa shukrani.

"Siku ile nilicheka," mama alisema. "Ulipomwagikiwa. Sikupaswa kucheka. Nimekaa na neno hilo tangu siku ya ofisini, na sikupata nafasi."

Binti akaanza kulia.

"Nimelisema," mama alisema. "Sasa hatudaiani."

Akachukua pochi yake, akatoka kwa mlango wa mbele.

Hakurudi tena. Mapipa yalibaki kituoni, maana karatasi ya kuyakabidhi alikuwa ameitia sahihi mwenyewe, na kituo kikastawi. Mwaka ule ule chakula chao kikaanza kuuzwa madukani, mifuko ya kilo hamsini yenye picha ya kuku mmoja mnene na Daktari ndani ya koti jeupe, anatabasamu. Fundi viatu alinunua mfuko mmoja kwa siri, akauhamishia kwenye gunia la pumba. Mkewe aliutambua kwa harufu kabla hajafungua. Aliwamwagia kuku, na kuku wakala kwa furaha kubwa, kuku hawana ukoo. Baadaye aliwapunguza kidogo kidogo. Wengine aliwauzia wenye hoteli, wengine aliwachinja. Banda likabaki na majembe na matairi.

Daktari huja. Si mara nyingi, lakini huja, na gari lake, na sukari na mchele na dawa za miguu ya baba. Mama humtolea kiti kizuri cha sebuleni, humwandalia chakula kwenye sahani za wageni, humwuliza habari za kazi na za barabarani. Hawagombani. Baba hujaribu mizaha yake ya zamani, na wote wawili hucheka mahali pa kuchekea. Ripoti ilitoka. Ukurasa wa shukrani ulikuwepo, na uliwashukuru wafadhili, wizara, timu nzima, na jamii ya wenyeji kwa ushirikiano wao.

Mama alirudi sokoni, kwenye ufagio wake. Takataka siku hizi haziendi shimoni. Lori la kituo huja kuzichukua, na dereva hutaka ziwe zimechambuliwa, maganda ya machungwa mbali, vitunguu mbali. Yeye huzichambua barabara kuliko mfagiaji mwingine yeyote, na dereva humsifu.

Juzi mchuuzi mpya wa nyanya, mwanamke mchangamfu aliyehamia karibuni, alikuwa amekaa juu ya mfuko mtupu wa chakula cha kuku. Aliutazama uso wa kwenye mfuko, akamtazama mfagiaji, akautazama tena mfuko. Akasema amesikia wenzake wakinong'ona jambo na yeye hakuamini, lakini sasa anaona kabisa pua ni ile ile na paji la uso ni lile lile. Akamwuliza kama ni kweli huyu Daktari ni mtoto wake.

"Watu hufanana," alimjibu.

Mchuuzi akacheka, akasema kweli, duniani wawili wawili, akarudi kwenye nyanya zake. Mfagiaji aliinamia ufagio. Neno lile lilikuwa limetoka jepesi, halikumkwaruza hata kooni, na alishangaa. Kwa muda mrefu alikuwa amejiuliza binti yake aliwezaje kumkana. Akaendelea kufagia, akapita upande wa mboga, akapita upande wa matunda, mpaka mwenzake alipomshika bega na kumwambia kwamba hapo alikuwa ameshafagia.